Imani, Udongo na Vizibo vya Soda: Shule ya Kwanza ya Mtoto ni Nyumbani

Kila mwaka unapoelekea ukingoni, wazazi wa mijini huanza msako wa shule za awali. Hununua fomu, hupima sare, na baadhi yao huwapeleka watoto wa miaka mitatu kufanyiwa usaili. Mtoto ambaye bado hajaweza kufunga vifungo vya shati lake huulizwa herufi na tarakimu na watu wazima waliokaa nyuma ya meza. Akishindwa, mzazi hurudi nyumbani na fedheha kana kwamba aliyefeli ni yeye. Akifaulu, hukabidhiwa madaftari, kazi za kufanya jioni, na basi la shule linalompitia alfajiri angali na usingizi machoni.

Nyumbani nako, familia inayojali dini humwongezea ratiba ya pili. Jioni ni madrasa, au mwisho wa juma ni mafundisho ya watoto kanisani. Huko nako anakaa, anakariri na kunyamazishwa. Kwa mtoto wa miaka minne, shule na dini zimeanza kufanana: zote mbili ni mahali pa kukaa kimya na kuogopa kukosea.

Hoja ninayotaka kuijenga katika makala haya ni nyepesi kuitamka lakini nzito kuitekeleza. Mtoto wa miaka mitatu hadi mitano hujifunza vema zaidi kwa kucheza na kwa kutengeneza vitu kwa mikono yake, na nyumba yenye imani ina utajiri mkubwa wa kumfundishia kwa njia hiyo, hata kama haina fedha. Tukiuacha utajiri huo uozee ndani kwa sababu tumeaminishwa kwamba elimu ni kitu kinachonunuliwa nje, tutawapoteza watoto mara mbili: kama wanafunzi na kama waumini. Naongeza kwamba tutawapoteza pia kama raia, na hilo nitalieleza.

Niweke mpaka mapema ili nisieleweke vibaya. Siwahimizi wazazi wawaondoe watoto shuleni. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 iliifanya elimu ya awali kuwa ya lazima kwa mwaka mmoja, kwa watoto wenye umri kati ya miaka mitatu na mitano, na naiunga mkono hatua hiyo. Ninazungumzia miaka inayotangulia darasa hilo, na saa zinazobaki baada ya darasa hilo.

Mchezo uliowahi kuiogopesha dola

Wapo wasomi wanaodhani kuwa elimu kwa michezo ni zao la watu wasioamini, na wapo viongozi wa dini wanaodhani hivyohivyo. Historia inawasuta wote wawili.

Friedrich Froebel, Mjerumani aliyeanzisha kile ambacho dunia nzima sasa hukiita chekechea, alikuwa mtoto wa mchungaji wa Kilutheri. Mwaka 1837 alifungua kituo chake katika mji mdogo wa Bad Blankenburg, na miaka mitatu baadaye akakiita bustani ya watoto. Vifaa vyake vilikuwa mipira ya sufi yenye rangi, tufe na mchemraba wa mti, vipande vidogo vya mbao vya kujengea, karatasi za kukunja na kufuma, na udongo wa kufinyanga. Kwake yeye vitu hivi vilikuwa na maana ya kiroho. Aliamini kwamba mtoto anapoona jinsi vipande vinavyoungana kuwa kitu kimoja, anaonja umoja ambao Mungu ameutia katika uumbaji.

Pamoja na ucha-Mungu wote huo, mwaka 1851 serikali ya Prussia ilizipiga marufuku shule zake kwa madai ya kueneza ukafiri na ujamaa. Waziri aliyehusika aliyachanganya maandiko yake na ya mtoto wa kaka yake. Froebel alifariki mwaka uliofuata, na marufuku haikuondolewa hadi mwaka 1860. Watumishi wa umma wanaonisoma walizingatie jambo hilo. Dola iliyojiona imara ilitishwa na mipira ya sufi, kwa sababu ofisa mmoja hakusoma kwa makini faili lililokuwa mbele yake.

Miongo kadhaa baadaye, tarehe 6 Januari 1907, Maria Montessori alifungua Nyumba ya Watoto yake ya kwanza katika kitongoji maskini cha San Lorenzo, Roma. Jina hilo lilikuwa na maana. Kituo kilikuwa ndani ya jengo la makazi ya wafanyakazi, palepale walipoishi wazazi. Montessori alikuwa daktari na Mkatoliki, na baadaye aliandika pia kuhusu namna ya kumlea mtoto katika ibada kwa vifaa anavyoweza kuvishika. Hapa Tanzania, masista wa Kikatoliki ni miongoni mwa waliobeba mwenge wa njia hiyo kwa miaka mingi, wakiendesha shule na kuwaandaa walimu.

Somo kutoka Mombasa

Mfano ulio karibu zaidi nasi umetoka pwani yetu wenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, viongozi wa Waislamu wa pwani ya Kenya walikuwa na wasiwasi wa aina mbili. Watoto wao walichelewa kupata nafasi na kufanikiwa katika shule za msingi, na wakati huohuo wazazi hawakutaka watoto wapate elimu ya shule kwa gharama ya dini yao. Waliomba msaada kwa Aga Khan, na kutokana na ombi hilo ukazaliwa mpango wa shule za awali za madrasa. Mwalimu aliyeuwekea msingi mjini Mombasa alikuwa Bi Swafiya Said. Mwaka 1990 mpango uliingia Zanzibar, na mwaka 1993 ukaingia Uganda.

Kinachonivutia katika mpango ule ni namna ulivyokataa kuchagua kati ya dini na mchezo. Mtoto alipanga anachotaka kufanya, akakifanya, kisha akaeleza alichofanya. Vifaa vilitoka mazingira ya pale: vifuu vya nazi, mbegu, makopo, vitambaa, mchanga. Dua, adabu za Kiislamu na visa vya mitume viliingia humohumo, si katika saa tofauti ya kuketi mkekani na kutetemeka. Akina mama wa mtaa, ambao wengi wao hawakuwa na elimu kubwa ya shule, waliandaliwa kuwa walimu. Jamii yenyewe ndiyo iliyotafuta jengo na kusimamia shule.

Zanzibar imetupa somo jingine kwa njia ya Tucheze Tujifunze, mpango uliowafikia watoto kwa masomo ya redio yenye nyimbo na michezo mahali ambapo madarasa hayakutosha. Jina lake peke yake ni falsafa nzima ya elimu.

Kuna jambo la kujifunza hapa kwa wote, wawe Waislamu, Wakristo au wafuasi wa imani nyingine. Jamii haikusubiri wataalamu washuke na masanduku ya vifaa kutoka ng'ambo. Ilikusanya ilivyokuwa navyo.

Nuhu sebuleni

Sasa tushuke kutoka katika historia tuingie sebuleni, maana nadharia isiyoingia ndani ya nyumba haimsaidii mtoto.

Chukua kisa cha Nabii Nuhu, ambacho kimo katika Biblia na katika Kurani. Mzazi anahitaji boksi kuukuu, udongo na beseni la maji. Boksi linakuwa safina. Mtoto anafinyanga wanyama, wawili wawili: ng'ombe wawili, kuku wawili, twiga wawili ambao shingo zao zitavunjika mara tatu kabla ya kusimama. Anapowapanga waingie, anahesabu mbili, nne, sita, nane, bila mtu kumtamkia neno hisabati. Anapolitia boksi majini, litaelea kidogo kisha litaloa na kuzama. Swali litakuja lenyewe: mbona ya Nuhu haikuzama? Hapo mzazi anaweza kuzungumza juu ya mbao na lami, juu ya kutii, juu ya subira ya mtu aliyejenga huku wenzake wakimcheka. Mtoto amefanya sayansi na akasikia dini katika beseni moja.

Mtaala wa elimu ya awali wa mwaka 2016 uliorodhesha umahiri wa kujengwa kwa mtoto: kuhusiana na wengine, kuwasiliana, kutunza afya, kutunza mazingira, kumudu stadi za kisanaa, na kumudu dhana za awali za kihisabati. Pima mchezo ule wa safina kwa orodha hii. Sioni kilichokosekana isipokuwa labda afya, nayo itapatikana wakati wa kunawa mikono yenye udongo.

Mifano haikauki. Kutenga karanga mafungu kumi na kutoa fungu moja ni somo la kuhesabu, na pia ni mlango wa kueleza zaka kwa familia inayotoa fungu la kumi. Familia ya Kiislamu inaweza kumpa mtoto kibubu cha sadaka alichokitengeneza kwa kopo na kukipaka rangi mwenyewe, akatia sarafu kila Ijumaa na kumpelekea jirani mwenye shida. Familia ya Kikristo inaweza kujenga pango la Noeli kwa mabua ya mahindi, na wachungaji wenye vichwa vya mbegu za embe. Mwezi wa Ramadhani mtoto anaweza kuchora mwezi kila usiku na kuona jinsi unavyonenepa na kukonda, na kwa siku 30 akawa amejifunza kalenda kwa macho yake. Bibi anayesuka ukili barazani ni mwalimu wa ruwaza: juu, chini, juu, chini. Mpe mjukuu miyaa yake akae kando yake, na umwombe bibi asimwambie kwamba anamharibia.

Tena tusisahau kwamba watoto wetu ni mafundi hata pasipo kufundishwa. Nani hajaona gari la waya lenye magurudumu yaliyokatwa katika ndala kuukuu? Nani hajaona mwanasesere wa gunzi la muhindi aliyefungwa mgongoni kwa kipande cha khanga, au vizibo vya soda vilivyopangwa kuwa duka, kanisa, msikiti au kituo cha basi? Watoto hucheza swala na hucheza misa. Anayeigiza muadhini juu ya kiti au padri mbele ya stuli hakufuru. Anajaribu kuvaa ulimwengu wa wakubwa aone kama unamtosha. Mzazi anayemchapa kwa hilo anaufunga mlango ambao imani ilikuwa inaingilia.

Zana ya lazima kuliko zote katika kazi hii ni mtu mzima aliyekaa chini, akasikiliza, akajibu.

Imani inayofundishwa kwa hofu

Ningekuwa mwongo kama ningeisifu elimu ya dini ya nyumbani na kunyamazia sura yake nyingine. Ziko nyumba ambamo jina la Mungu hutajwa zaidi wakati wa kumtisha mtoto. Akimwaga maji, Mungu atamchoma. Akikataa kulala, shetani atamchukua. Mtoto anayekua hivyo humjua Mungu kama askari wa zamu. Akifika umri wa kutomwogopa tena askari, huiacha na dini yenyewe, au huibakiza kama fimbo ya kuwachapia wengine.

Sura ya pili ni mbaya zaidi kwa taifa. Ni ile nyumba inayomfundisha mtoto imani yake kwa kumdharaulisha imani ya jirani. Hili halihitaji kitabu wala mahubiri. Hutosha mzazi kukunja uso sahani ya pilau ya Idd inapoletwa, au kunong'ona mbele ya mtoto kwamba wale wa nyumba ya pili si wenzetu. Mtoto wa miaka minne hasahau uso wa mamaye ulipokunjwa. Sisi Watanzania tunajivunia kuishi pamoja bila kuulizana dini, na mara nyingi tunadhani amani hiyo imeletwa na hotuba za viongozi. Hotuba zimesaidia, lakini kazi kubwa imefanywa barazani na uani, na watoto waliocheza kombolela na rede pamoja, wakaitana kula, wakahudhuria sherehe za wenzao. Kwa kadiri watoto wa mijini wanavyofungiwa ndani ya kuta, kila mmoja na katuni yake na dini yake, ndivyo tunavyokata mzizi wa amani tunayoiimba.

Kwa hiyo kipimo changu cha elimu ya imani kwa njia ya michezo kina maswali mawili. Je, mtoto anafurahi kulisikia jina la Mungu? Je, anaweza kumwita mtoto wa jirani mwenye dini nyingine waje wajenge safina pamoja? Nyumba inayojibu ndiyo kwa yote mawili inafanya kazi ambayo wizara yoyote ingejivunia.

Hoja za wapinzani

Najua yatakayosemwa. La kwanza ni kwamba nchi yetu haina dini, hivyo jambo hili si la kujadiliwa hadharani. Ni kweli kwamba serikali haina dini, na iendelee hivyo. Ibara ya 19 ya Katiba inaiweka imani kuwa jambo la hiari ya mtu, na uendeshaji wa jumuiya za dini kuwa nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Hata hivyo, ibara hiyo haikuandikwa ili mzazi afiche imani yake sebuleni mwake. Mkataba wa Haki za Mtoto, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, unatambua katika ibara ya 14 nafasi ya wazazi katika kumwongoza mtoto kwenye imani, na katika ibara ya 31 haki yake ya kucheza. Sheria yetu ya Mtoto ya mwaka 2009 imekwenda mbali zaidi: imeitaja haki ya kucheza na kupumzika miongoni mwa mambo ambayo mzazi ana wajibu wa kumpatia mtoto, katika orodha ileile yenye chakula, malazi na matibabu. Mzazi anayemnyima mtoto mchezo kwa kisingizio cha masomo anapingana na sheria.

Hoja ya pili ni nzito zaidi: wazazi hawana muda. Mama anayekaanga maandazi saa kumi alfajiri na kurudi na beseni lake jioni atafinyanga twiga saa ngapi? Kondakta wa daladala atamwona lini mwanawe akiwa macho? Hii ndiyo sababu nakataa kulifanya suala hili kuwa mahubiri ya kuwalaumu wazazi. Ni suala la kisiasa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ilimpa mama mwajiriwa likizo ya uzazi ya siku 84 na baba siku tatu. Siku tatu! Baada ya hapo tunawakusanya akina baba ukumbini na kuwahutubia juu ya malezi. Aidha, mamilioni walio katika sekta isiyo rasmi hawana hata hizo. Na katika nyumba nyingi zenye kipato, anayemlea mtoto mchana kutwa ni dada wa kazi, naye mara nyingi ni binti mdogo asiyelipwa vizuri, asiyepewa mafunzo wala heshima. Tunamkabidhi miaka muhimu kuliko yote ya mtoto, kisha tunamkaripia kwa sababu sakafu ina udongo.

Hata hivyo, ufinyu wa muda una dawa ndogo ambayo haisubiri bunge. Mama anaweza kumpa mtoto donge la unga pembeni ya karai, mbali na moto, afinyange chake. Nusu saa ya baba siku ya mapumziko, simu ikiwa imezimwa, inamtosha mtoto kwa kumbukumbu ya juma zima. Watoto wetu hawajawahi kudai walimu wenye shahada. Wanadai kutazamwa.

Nini kifanyike

Mwaka 2021 serikali ilizindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyopangwa kwa miaka mitano, na mwaka 2023 ikapiga marufuku bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne, isipokuwa kwa vibali maalumu. Hizo ni hatua za kupongezwa. Zinatuambia kwamba hata dola imetambua mahali pa mtoto mdogo ni kwao. Lakini kumrudisha mtoto nyumbani hakutoshi kama nyumbani hakuna wa kucheza naye.

Kwa watumishi wa umma, hasa maofisa elimu na maofisa ustawi wa jamii, naomba usaili wa watoto wa miaka mitatu ukomeshwe kwa vitendo, na ukaguzi wa shule za awali utazame kama kuna mchanga, udongo na uwanja kabla ya kutazama madaftari. Uwiano wa walimu na watoto uliowekwa, mwalimu mmoja kwa watoto 25, usibaki kuwa pambo la nyaraka.

Kwa viongozi wa dini, misikiti na makanisa ndiyo majengo yaliyo karibu zaidi na watu katika kila kata, na siku nyingi za juma viwanja vyake hubaki vitupu. Vifungueni asubuhi. Waandaeni akina mama, na akina baba pia. Wekeni kiboko chini katika mafundisho ya watoto wadogo, na katika mafundisho ya ndoa wekeni somo la kucheza na mtoto.

Kwa wanaharakati, dai la muda wa malezi liwekwe sambamba na madai ya mishahara: likizo ya baba iliyo na maana, vyumba vya watoto masokoni, na mkataba wa haki kwa dada wa kazi. Haki ya mtoto kucheza haitapatikana kama mlezi wake hana haki ya kupumzika.

Kwa wanafunzi wangu, wengi wenu mtakuwa wazazi kabla hamjafika miaka 30. Nawaona darasani mkiinamisha vichwa ninapouliza swali lisilo na jibu moja, mkisubiri nitaje kilichomo katika mtihani. Siwezi kusema kwamba hofu hiyo ilianzia chekechea, maana mambo yaliyoijenga ni mengi. Ninachoweza kusema ni kwamba mtu aliyewahi kuvunja shingo ya twiga wa udongo mara tatu na kuijenga ya nne, huku mtu mzima akimtazama kwa upendo, anajua kitu kuhusu kukosea ambacho mimi siwezi kumfundisha kwa mihadhara ya chuo kikuu.

Wahenga walisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Methali hii tumezoea kuitumia kumsuta mzazi ambaye mwanawe ameharibika. Ifike wakati tuitumie mapema zaidi, mtoto akiwa bado na udongo mikononi na maswali mdomoni, na tuielekeze pia kwa taifa: ni kwa muda gani, kwa sheria zipi na kwa moyo upi tunawalea hawa tunaosema ni wa kesho?